Koti ya Baba Wavinya

Wavinya,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Usianike blanketi za baba yako leo, zitanyonya maji. Redio imesema ukungu utakaa hapa Thika hadi Ijumaa, halafu Jumamosi jua litoke na joto lirudi.

Asubuhi nimejiaibisha. Nilifungua geti nikaona mtu kwenye ukungu, koti ya kijani, anatembea polepole vile baba yako hutembea kifua kikimsumbua. Nikaita, "Baba Wavinya, umerudi!" Kumbe ni Njau wa maziwa. Hiyo koti nilimpa mwenyewe juzi, nikiwa na hasira. Alicheka mpaka akamwaga maziwa yetu. Ndiyo maana leo unakunywa chai ya strungi.

Kila mwaka baridi ikianza baba yako huenda kwa dada yake Kibwezi kwenye joto, na ikiisha hurudi. Mwaka huu nikimuuliza atarudi lini, ati "ataangalia." Ataangalia nini?

~~Mpigie umwambie jua linarudi.~~ Usimpigie. Hata huko wana redio.

Nimeenda Kiuu kwa chama, nikirudi nitapitia mtumba. Ukiniona na koti ya mwanamume, usiniulize ni ya nani.

Mama