Soko ya Muntu Moja

Lubumbashi, komini (mtaa) ya Kenya
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Kwa mama yangu mpenzi, Mama Kahambu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako pale Butembo. Goti lako linasemaje? Natumaini limepata nafuu, na ile dawa ya kuchua haijagawanywa kwa majirani wote kama unavyopenda kufanya. Nisalimie mke wangu Olive, na umshike kichwa mtoto wetu Jemima, umwambie ni mkono wa baba yake. Mimi ni mzima. Baridi imeshuka huku, asubuhi mtu akisalimia mvuke unamtoka mdomoni, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, lakini mwili haunidai kitu.

Barua hii nampa Damien, yule mwenye malori, atapita Kampala kisha ashuke kwenu. Usishangae kwamba nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu nimezoea kukudanganya, mama. Mkono bado haujazoea.

Mara ya mwisho uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mwanamume ambaye hajawahi hata kuosha sufuria anakulaje peke yake katika mji wa bei kama hizi, baada ya kutoka Goma mikono mitupu. La pili, kwa nini siwaite Olive na Jemima, wakati shemeji Paulin amekwisha kusema shule zikifungwa mwezi wa saba atawachukua wakaishi kwake Kampala. Ulisema mwanamke akivuka mpaka na vyombo vyake harudi upesi. Neno lile limenikaa tumboni tangu siku ile. Nitajibu yote mawili, ila niruhusu nianze na chakula, kwa sababu jibu la pili limo ndani yake.

Unamkumbuka Mariam, jirani yetu wa Goma, yule mjane wa watu wa Maniema aliyekuwa anashona kanzu? Nilipoondoka aliniandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya mdogo wake, Amida, anayekaa huku Lubumbashi. Amida hana duka lenye mlango wa barabarani. Duka lake liko ndani ya telefone, kwenye kikundi cha WhatsApp alichokiita Soko ya Muntu Moja. Wateja wake ni sisi tunaokula peke yetu: walinzi wa usiku, wanafunzi, wachimbaji wa Kipushi walioacha wake zao mbali, na siku hizi watu wengi wa kwetu waliokimbia vita. Kila asubuhi anatuma picha za bidhaa, na chini ya kila picha sauti yake inataja bei taratibu, kama mtu anayesoma majina kanisani. Wewe unachagua, unaandika komande yako, na mchana pikipiki inakuletea.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na ukitaka kucheka, cheka. Saa kumi na mbili asubuhi nalala chali, blanketi mpaka kidevuni, natembea sokoni kwa kidole. Nyanya zinapita, vitunguu vinapita, mafungu ya mboga za lengalenga bado yana umande. Nasahau niko wapi. Kidole chenyewe kinaanza kuandika. Nyanya za Olive, zile ambazo hazijaiva vizuri, maana anapenda kuzisubiri dirishani. Ndizi za Jemima. Sukari ya chai ya watu watatu. Bunga la ugali wa watu watatu, na la mgeni mmoja, kwa sababu nyumbani kwetu mgeni hakosekani. Nasikia kabisa sufuria inachemka na Jemima anaburuza kiti sakafuni. Nakaa hivyo muda mrefu, mama, na furaha yangu ni ya kweli. Kisha naanza kufuta. Natoa ndizi, natoa sukari, bunga napunguza mpaka linabaki la mtu mmoja. Kila ninachofuta ni kama mmoja wenu anainuka mezani na kutoka bila kuaga. Halafu natuma.

Mwanzoni sikujua kununua vya mtu mmoja. Komande yangu ya kwanza niliituma kama mtoto wa marehemu baba Godefroid. Unajua sheria yake: sisi tunauza jumla, katoni haifunguliwi, anayetaka kopo moja aende kwa wenye vibanda. Nikamwandikia Amida anipe gunia zima la kilo ishirini na tano za bunga na katoni nzima ya nyanya za kopo. Amida akatuma sauti kuuliza kama nyumbani kwangu iko bantu ngapi, ao iko ndoa. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi peke yangu, na kwamba mtu aliyezaliwa katika biashara anaangalia bei ya kilo. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana. Baada ya wiki tano gunia lilikuwa linatembea lenyewe kwa wadudu, na mwenye nyumba aliniomba lile lililobaki kwa ajili ya kuku wake. Pesa ya mwezi mzima ilikuwa imeishia mle, nikakaa siku nne nakula nyanya za kopo kwa kijiko.

Amida akanifundisha, bila kunihurumia sana. Huku bunga linapimwa kwa meka, bakuli fulani la plastiki, na meka moja inatosha mtu mmoja siku kadhaa kama hali bukari, ugali wa huku, asubuhi na jioni. Alinikataza kufungua picha zake kabla sijala, kwa sababu tumbo tupu linaandika komande ya harusi. Alinionyesha kwamba sisi wapangaji watatu tunaoishi uwanja mmoja tunaweza kutuma kwa jina moja, pikipiki ije mara moja, pesa ya kumlipa mbebaji igawanywe. Kabichi kwa mtu mmoja ni uchafu wa kesho, basi anaikata robo. Samaki wakavu wadogo anawauza kwa kiganja. Siku ya Alhamisi ndiyo ya kununua, maana malori ya mpakani Kasumbalesa yanaingia Jumatano na wauzaji wanakuwa bado hawajapandisha bei. Nilisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyekuwa naagiza kontena. Sasa mwezi unaisha na bado nina chumvi, mafuta ya kidole kimoja kwenye chupa, na kitu cha kumpa Bwana Jumapili.

Hapo nimejibu la kwanza. Sasa mkono unakuwa mzito.

Mama, ile depo ya kuuza jumla niliyokuwa nakuambia kwenye simu, hakuna. Ule mlango niliosema unapakwa rangi ya buluu, sikuupaka, haukuwepo. Mali aliyoahidi Damien kunikopesha ilikwama mpakani na yeye mwenyewe alipata hasara, hana kosa. Nilisema depo iko karibu kufunguliwa kwa sababu nilidhani itafunguliwa, kisha nikasema tena kwa sababu niliona aibu. Kazi yangu iko katika chumba cha nyuma cha Amida. Aliona najua kukadiria kilo kwa mkono, akaniita nimsaidie. Tangu mwezi wa nne nakaa kati ya magunia na kisu na meka na mifuko midogo ya plastiki, nafungua katoni. Hiyo ndiyo kazi. Nauza mafuta kwa kichupa, sukari kwa kikombe, majani ya chai kwa kijiko. Baba angepita pale mlangoni, angejifanya hanijui.

Wewe utasema hayo ni maisha, vita imewashusha wakubwa kuliko sisi. Ndiyo. Lakini sikuificha depo kwa sababu ya umaskini tu. Kuna jambo la Goma ambalo Olive halijui, na ndilo linalonizuia kumwita.

Siku ya tatu ya mapigano, risasi zikiwa bado zinalia upande wa uwanja wa ndege, Mariam alipita kando ya ukuta akabisha kwenye mlango wa nyuma wa depo yetu. Alikuwa na mjukuu wake, Hassani, wa miezi minne. Mama wa mtoto alikuwa amekwama upande wa pili wa mji. Mariam aliomba kopo moja la maziwa ya unga, na pesa alikuwa nayo mkononi. Nyuma yangu zilikuwepo katoni arobaini. Nikamwambia sisi hatufungui katoni. Nikamwambia, na naandika kama nilivyosema, atafute majirani kumi na mmoja wachangie, aje achukue katoni nzima. Siku ile, mama, wakati hakuna mtu aliyethubutu kutoa kichwa dirishani. Hakunitukana. Alimgeuza mtoto upande mwingine wa bega akarudi kando ya ukuta ule ule. Mimi nikafunga mlango, na nilijiona mwaminifu kwa baba.

Asubuhi yake waporaji walikuja. Hayo unayajua, na unajua kwamba Mariam alituficha jikoni kwake, mimi na Olive na Jemima, mchana kutwa. Usilolijua ni hili. Katoni zile arobaini zilipita barabarani juu ya vichwa vya watu, tukizitazama kupitia tundu la ufunguo. Jioni Mariam alipika uji wa kikombe kimoja cha mchele. Alianza na mtoto, akampa maji ya juu kwa kijiko, halafu akagawa kilichobaki. Tulikuwa watu saba. Alinipa bakuli langu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni wa heshima. Olive alimshukuru, akalia, akasema Mungu ametupa jirani. Alikula bila kujua. Mariam alijua, akanyamaza, na mimi nikanyamaza nikala. Tangu siku hiyo kila Olive anapomtaja Mariam kwenye simu, mimi nasema mtandao ni mbaya.

Hassani anaishi. Nilimuuliza Mariam, akanitumia picha, mtoto ana meno mawili.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia Amida. Tulikuwa tunafunga chumvi. Hakuacha kufunga. Akanijibu kwamba alijua tangu Februari, dada yake alimwambia siku ile ile aliyonipa namba, na alimwomba asinihukumu, anipe tu kazi ya mikono. Ndipo nikakumbuka siku yangu ya kwanza katika chumba kile. Kulikuwa na magunia, mafuta, sabuni, kila kitu. Yeye alinipa kisu na akanisogezea kwa mguu katoni ya maziwa ya unga. Niliikata upande usiofaa, nikadhani hakuona, kwa sababu alikuwa anaangalia nje.

Basi, mama, ninakuomba kitu kigumu. Barua hii msomee Olive kwa sauti, yote, usiruke mahali pa maziwa kwa kunipenda. Mwambie kwamba nyumba ni chumba kimoja cha mabati, maji tunachota uwanja wa tatu kutoka kwetu, na mume wake anauza sukari kwa kikombe na hana mpango wa kuacha, kwa sababu watu wanaipenda kazi ile na mimi naipenda. Halafu mwache achague mwenyewe, si wewe, si Paulin. Akienda Kampala sitamlaumu, na kila nitakachobakiza nitamtumia. Lakini nisingeweza kumwita aje kula kwangu huku nikimficha alichokula siku ile.

Asubuhi ya leo, kabla ya ibada, niliandika tena komande ya watu watatu. Bunga meka mbili, nyanya zisizoiva, ndizi, sukari, na kopo moja la maziwa kwa Jemima. Nilifika mahali pa kufuta, nikaona kidole hakitaki. Nikaiacha. Iko ndani ya telefone, haijafutwa na haijatumwa. Olive akisema ndiyo, neno moja linatosha, nitaituma siku hiyo hiyo.

Nisalimie kanisa, nisalimie ndugu zetu wa Kyondo, na mwambie Jemima kwamba huku kuna kuku wanene kwa sababu ya baba yake, akifika nitamweleza. Mungu akulindie goti na moyo. Nasubiri neno lenu kwa hofu, sikufichi, na kwa mapenzi yote ya mtoto uliyemzaa.

Ni mimi mwanao,
Bénit Kasereka

Nimesahau kusema: lile kopo la maziwa, Amida amekwisha kuniwekea katoni yake pembeni. Hajaigusa. Amesema nitaifungua mimi.