Maksai Waliosoma Kiebrania

Paulina wangu, Mama Tumaini,

Leo Tumaini amenikalisha juani, upande ule wa nyumba unaotazama msitu wa kreta. Ukiona herufi zinapanda mlima, ujue ni mkono unaotetemeka, akili bado iko. Daktari amesema nile chochote ninachokipenda. Nimemwelewa vizuri, ruhusa ya namna hiyo hupewi bure. Sina huzuni. Nina jambo moja tu la kuungama kwako, na tangu asubuhi nacheka peke yangu nikifikiria nilianzeje.

Linahusu maksai wa baba yako.

Unakumbuka mwaka ule niliporudi kutoka Ulaya kuandika tasnifu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mafuta adimu, sukari kwa foleni. Profesa wangu alikuwa amenipa mwaka mmoja nikae nyumbani, niandike sura mbili kuhusu amri ambazo Mungu huwapa manabii anapowatuma. Nilishuka kijijini Endamarariek na kamusi ya Kiebrania nene kama tofali, na mtihani wa lugha ulikuwa unanisubiri huko nilikotoka. Wewe ulikuwa unafundisha darasa la tatu. Kila ulipopita dirishani kwangu ulichungulia ukasema, "Mtaalamu, bado unasoma kitabu kilekile? Sisi wengine tulikimaliza wakati wa kipaimara."

Baba yako naye aliniita siku moja, wewe ukiwa unapepeta maharage pale uani.

"Huko Ulaya unasomea uchungaji?"

"Hapana, mzee. Uchungaji ninao tayari. Nasomea udaktari."

"Wa watu au wa ng'ombe?"

"Wa Maandiko, mzee."

Akatafakari. "Kwani Maandiko yanaumwa?"

Ungo ulikuponyoka mikononi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini mzee hakuwa anatania. Aliona kijana mwenye mikono laini anamtaka binti yake, akaamua kunipa kazi ambayo wakwe wote wa pale walikuwa wamepitia. Alinikabidhi maksai wawili wachanga niwafundishe nira: Bwana Shamba, aliyependa kutangulia, na Karani, aliyependa kusimama.

Hapo ndipo inapoanza hadithi ambayo kijiji chote kinaijua, na ambayo wewe mwenyewe uliisimulia kwenye harusi ya Tumaini mpaka bwana harusi akasahau kula. Kwamba msomi alikuwa anakariri vitenzi huku ameshika plau. Kwamba kwa kupotea mawazo aliwapigia ng'ombe kelele kwa Kiebrania badala ya Kiiraqw cha nyumbani, na wanyama wale, hawana kosa, wakajifunza walichosikia. *Kum*, wanainuka. *Lekh*, wanakwenda. Mwisho wa shamba, *shuv*, wanageuka. *Amod*, wanasimama, Karani akiwa wa kwanza. Jirani akija kuwaazima anarudi analalamika, "Mzee, ng'ombe zako hazisikii lugha ya watu."

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Sikupotea mawazo hata siku moja. Nilifanya makusudi.

Rudi nami kidogo kwenye ile safari ya Nainokanoka, tulipopanda lori la usharika kwenda kwenye ibada ya kufungua kanisa. Lori lilipata moto, tukashuka pale ukingoni kungoja lipoe. Ukungu ukafunguka, na kreta yote ikawa chini yetu, nyumbu na pundamilia na tembo, kila mmoja na shughuli zake. Ulisogea mbele ukachungulia chini. Halafu ukauliza:

"Mtaalamu, hapa ndipo Nuhu alipofungulia mlango?"

"Wataalamu hawajakubaliana."

"Waendelee kubishana huko Ulaya. Mlango si huu hapa?"

Nikapata ujasiri. Nikakuuliza kama ningeondoka tena, miaka mitatu hivi, ungeningoja. Ulifunga kitenge vizuri mabegani, ukasema, "Nitakuwepo. Kungoja sijasema."

Usiku ule sikulala. Maana kulikuwa na Elibariki, kijana aliyetoka Moshi akafungua duka pale Karatu, mwenye trekta jekundu. Trekta lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli, lakini alishamwambia baba yako kwamba dizeli ikipatikana tu, shamba lenu litakuwa la kwanza, tena bure. Mzee alikuwa anaanza kumwita "mwanangu". Mimi nilikuwa na nini? Sura moja na nusu ya tasnifu na kamusi.

Basi nikafikiri: niache katika boma lile kitu ambacho Elibariki hawezi kukiendesha. Maksai walikuwa bado hawajashika lugha yoyote. Kesho yake asubuhi nikaanza. Nilitaka kila msimu wa kulima ukifika, mtu wa nyumba ile akitaka kugeuza ng'ombe, alazimike kunikumbuka mimi. Na nilijua mtu huyo angekuwa wewe, kwa sababu ndugu zako wote walikuwa wamekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani.

Na ilifanya kazi, Paulina. Niliporudi Ulaya niliishi kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Profesa alizirudisha sura zangu zimejaa wino mwekundu kama zimechinjwa. Kuna majira ya baridi nilifikiri nitafunga kamusi nirudi nikalime. Halafu ikaja barua yako: "Mtaalamu, maksai wako wamegoma, mvua imeanza. Neno la kuwageuza ni lipi?" Niliisoma maktabani, nikacheka mpaka mama mwenye maktaba akaja kunitoa. Nilikujibu neno moja, na chini yake kurasa tatu ambazo hazikuhusu ng'ombe. Msimu uliofuata ukauliza neno la kuwasimamisha. Uliofuata tena, la kuwainua, halafu la kuwapeleka mbele. Kila mara neno moja tu. Kwa barua zile nilimaliza tasnifu. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimtaja profesa na kanisa; nguvu ilitoka kwako.

Niliporudi na shahada yangu ulikuwa shambani, umeshika plau. Ulifika mwisho wa shamba, ukaniona, ukasema kwa sauti, "*Shuv*." Bwana Shamba na Karani wakasimama kama nguzo. Ukarudia. Hawakutikisa hata sikio.

"Wamekuwaje?" nikauliza.

"Wanamwonea haya mwalimu wao," ukasema.

Nikaamini. Mwezi ule ule nilikwenda kwa baba yako na wazee.

Hilo ndilo nililotaka kuungama. Jana nililijaribu kwanza kwa Tumaini, alipokuwa ananinywesha uji, nipate kujua linasikikaje. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, nikaogopa.

"Baba," akasema, "barua kutoka huku mpaka Ulaya ilichukua muda gani siku zile?"

"Mwezi. Mara nyingine zaidi."

"Na yako ya kurudi?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa mvua ilikuwa inawangoja?"

Kijiko kilibaki hewani, Paulina. Maisha yangu yote nimekula kwa kupima umri wa maandiko, nani aliandika kabla ya nani, na hesabu ile sikuwahi kuifanya.

"Mama alinieleza siku nyingi," Tumaini akaendelea. "Babu aliwafundisha Kiiraqw kabla ndege yako haijatua huko. Mama akakataza mtu kukuandikia. Alisema, akijua wamejifunza, ataandika nini?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka Tumaini akataka kumwita jirani mwenye gari. Nikamwambia aniache, sijawahi kuwa mzima namna hii. Miaka yote hii nilidhani nilikufunga wewe kwa maneno manne, kumbe uliyachukua moja moja, kwa hiari yako, ukijua kila kitu. Siku ile ukingoni ulisema kungoja hujasema. Ulikuwa unasema kila msimu.

Jua limehama, wanataka kuniingiza ndani. Sina deni lingine kwako isipokuwa kukuona. Nitakapofika huko ulikotangulia, ukinikuta nimesimama mlangoni nashangaa kama Karani, usihangaike na Kiebrania. Nisemeshe Kiiraqw, kama ulivyokuwa unawasemesha wao nilipokuwa mbali. Nitageuka.

Mumeo,
Baba Tumaini