Kengele Inayolia Yenyewe

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia chooni hapa hospitali. Nimeumbuka, sina pa kuweka uso.

Unajua nilivyomweleza mama hiyo dawa mpya ya saratani yake. Seli ina vipokezi kwa nje, kama kengele ya mlangoni. Kikibonyezwa kimoja, ujumbe unapita kwenye waya hadi ndani, seli inaanza kugawanyika. Dawa inaziba kengele, uvimbe unatulia. Somo langu la kidato cha nne hilo!

Sasa leo daktari anafungua majibu ya vipimo, mimi huyo namkatiza. "Mama ameshaelewa, daktari, nimemfundisha mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, tatizo si kengele. Waya wa ndani ndio umeharibika, unapeleka ujumbe wenyewe tu. Hata tukiziba kengele, haisaidii."

Haisaidii. Kasema hivyo hivyo, mama anasikia.

Mama akanigeukia. "Sasa nani anabonyeza?"

"Hakuna mtu, mama."

Hakuna mtu! Ndilo jibu nililompa mama yangu mzazi!

Akafunga mkoba wake taratibu. "Basi usiwaambie shangazi zako kwanza. Nimeshawafundisha wote."