Ngoma za Murimi

Jumamosi, 5 Aprili

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kadi ya memori ya kaka yangu Murimi ninayo mimi. Baada ya mazishi Mami aliitafuta wiki nzima, akapekua mpaka gunia la mahindi. Nami nikamsaidia kutafuta, huku iko ndani ya soksi yangu. Basi, nimeandika.

Leo nimefua, nimepiga deki, nimempa nyanya yangu, cucu, uji. Halafu nikajifungia na simu ya zamani isiyo na laini, nikaweka hedifoni, nikaanza albamu ya kwanza tena. Rap ya Marekani, ya kabla Murimi hajazaliwa. Nusu ya maneno siyashiki. Lakini besi ikianza, mgongo wangu unanyooka, mimi ambaye mwalimu akinitaja jina tu nainamia daftari.

Sheria yake: albamu inasikizwa kutoka namba moja hadi mwisho. Kuruka wimbo ni kumkatiza mtu akiongea. Mkali sana kwa hilo. Alikuwa.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisa. Nje, Mami aliwaambia wamama wenzake, "Uso wake ninao, picha ziko. Sauti ndiyo imenitoka. Nikijaribu kuikumbuka napata yangu."

Nilitazama viatu vyangu. Najichukia.

Jumatatu, 7 Aprili

Halima alikuja. Familia yao ilihamia hapa mtaani Majimbo kutoka mji wa Maua mwaka juzi, na ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kujipanga kwanza. Alinichukulia hedifoni moja akacheka.

"Wewe ni nyanya! Hawa si ndio wale wa suruali tatu kwa mtu mmoja?"

Akanitumia vitu vipya. Jamaa anayechanganya Kimeru na Sheng mpaka unapumua kwa niaba yake. Na msichana wa soul, anaimba taratibu kama mtu anayeosha vyombo akidhani hakuna anayemsikia. Huyo nilimrudia mara nne. Kisha nikaona vibaya. Murimi hatawahi kumjua. Kila wimbo mpya ninaoupenda unamsukuma nyuma kidogo.

Tulikuwa tumekaa kwa ngazi ya jikoni. Cucu alikuwa kando anachagua maharagwe. Nikamwambia Halima, "Niko na ngoma zote za Murimi. Huwa ananiongelesha katikati."

Mikono ya cucu ikasimama.

Jumanne, 8 Aprili

Cucu hajala tangu jana. Ananitazama tu.

Sasa nimeelewa. Cucu Kiswahili anaokota neno moja moja. Kwangu mimi na Halima ngoma ni wimbo. Katika Kiembu cha cucu, ngoma ni roho za wafu. Kwa hiyo alichosikia ni kwamba mimi nina roho ya Murimi na huwa inaongea nami. Amemweleza Mami.

Nilitaka kucheka. Sikuweza. Cucu hakukosea sana.

Kwa sababu Murimi alifanya kitu. Alijirekodi, halafu akazipa rekodi zake namba na kuzichomeka ndani ya albamu za wale wakubwa. Baada ya wimbo wa sita inakuja 6B, na hiyo ni yeye. Baada ya wa tisa, 9B. Kama vile walimwachia nafasi. Mara ya kwanza sikujua. Nilikuwa nimeinama nasugua sufuria, wimbo wa sita ukaisha, kaka yangu akakohoa sikioni mwangu.

Jumatano, 9 Aprili

Wamama wa maombi wanakuja Jumamosi saa tisa. Mami amesema kila kitu cha Murimi kitatolewa nje, kiombewe, kichomwe.

"Hata kama ni uzi umeficha, Wawira, utautoa. Sitazika mtoto wa pili."

Ningemwambia ni nyimbo tu. Angesema zilete. Na akizisikiza atafika 9B.

9B inaanza hivi: *Mami kasema nikienda Maua nisirudi.*

Alisema kweli. Nilikuwepo. Waligombana kwa sababu ya zile "kelele", Mami akatupa spika yake nje kwenye mvua. Asubuhi Murimi akaenda Maua kupakia miraa. Miezi saba. Kisha pikapu ikaanguka naye.

Hakurudi. Mami hajawahi kulitaja lile neno tena, lakini mimi namwona akiosha mikono muda mrefu kupita kiasi. Ndiyo sababu nilificha. Si wizi. Au ni wizi pia, sijui.

Mimi mwenyewe huzima hapo hapo, kwenye "nisirudi". Kila mara. Mstari mmoja. Sijawahi kufika 10.

Ijumaa, 11 Aprili

Mfereji wa nje unadondoka kwa mdundo wa 6B. Nimeukaza. Bado.

Jaketi lake liko kwenye kamba, Mami amelifua. Analifua ili alichome. Upepo ukiingia lina mabega.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeamka na uamuzi. Kama nyimbo zake zinachomwa, basi nimsikize mara moja kama alivyotaka. Namba moja hadi mwisho. Nimeshika simu kwa mikono miwili, nikafika 9B, nikaondoa kidole kwenye kile kitufe.

*Mami kasema nikienda Maua nisirudi,
na mkono wake ukafunga blanketi, kule kuna baridi.
Mdomo ulinifukuza, mkono ukanifunika,
nikibisha mlango huo, najua utafunguka.*

Kisha mlango unalia. Kisha Mami, kwa mbali, kutoka jikoni, sauti yake ya kila siku: "Murimi! Chai inapoa! Na ukisahau hilo blanketi ntakufuata nalo mpaka stage ya matatu!"

Murimi anacheka. "Nakuja, Mami."

Ni ile asubuhi yenyewe. Nami nilikuwa jikoni nakata mkate.

Mwaka mzima nimemkatiza akiongea.

Nimelia mpaka nikachoka, nikanawa, nikakaa. Sasa ni saa nane na nusu. Nyumba imetulia. Cucu amelala. Nje Mami amepanga vitu vya Murimi kwenye turubai: viatu, vitabu, kofia. Blanketi halipo, lilirudi na mwili wake kutoka Maua na Mami hulilalia. Hilo hakuna aliyesema lichomwe.

Nimechomoa hedifoni. Nimepandisha sauti mpaka mwisho. Simu iko juu ya meza, kwenye 9B. Nisamehe, kaka, leo naruka tisa za kwanza. Hatuna muda.

Slipa za Mami kwenye korido. Zimesimama kwa mlango wa cucu. Zinakuja.

Daftari naliingiza chini ya godoro. Simu naiacha pale pale mezani. Nabonyeza.