Maana ya Tatu ya Neno Angalia

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa neno "angalia". Wiki nzima, neno moja! Mhariri mkuu kasema kamusi ya zamani ililipunja: iliandika "tazama", basi. Anataka maana zote, na mifano itoke vinywani mwa watu, siyo vichwani mwetu. Maana tukitunga wenyewe, kila mtu kwenye kamusi anakuwa mtoto mzuri anayesoma kitabu.

Sikwenda mbali. Choo cha ofisini kimeziba tangu Alhamisi, harufu inafika mezani kwangu. Nimemwendea afisa utawala. "Tutaliangalia," kajibu, macho kwenye simu. Nikaandika kadi: angalia — kutofanya lolote, kwa heshima. Nikaifuta. Mwenzangu wa meza ya pili (tunamwita Bwana Nukta, hakuna sentensi ya mtu asiyoikatiza) kacheka hadi kapaliwa.

Kadi zilizosalimika mpaka jioni:
Mama wa genge, kwa mteja — chagua tu, kuangalia ni bure. Maana ya kwanza, tazama.
Mfagizi, kwangu — angalia, pameloa. Ya pili, kuwa na hadhari.
Jirani, ngazini — niangalizie ndoo yangu, narudi sasa hivi. Ya tatu, tunza. (Hakurudi. Ndoo iko jikoni kwangu.)

Jumanne, 4 Machi

Kaka kapiga simu, ana furaha kama kazaliwa upya. Kafunga kamera chumbani kwa mama.

Tangu mama apate kiharusi, mwezi wa kumi, kaka na wifi wako naye. Au tuseme wako kwake, maana nyumba ni ya mama. Walihamia "kumwangalia". Kutwa wako dukani kwao. Dada wa kazi anaondoka saa sita. Mchana kutwa mama yuko na kuta. Sasa kaka anasema anamwangalia saa ishirini na nne, yuko naye kiganjani. Kamera ina hata spika, anaweza kumsalimia kutoka dukani! "Macho hayana pazia, mdogo wangu," kacheka. Kanitumia namba ya siri, nami niwe naangalia. Ukoo mzima kautumia.

Kundi la familia limelipuka. Shangazi kaandika kwamba huyo ndiye mtoto. Binamu kaweka makofi kumi na moja, nimeyahesabu. Vilemba vya ukoka!

Na mimi nikaweka moyo mwekundu. Nikaandika "Mungu akuzidishie, kaka". Kwa vidole vyangu hivi hivi.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kamera nikiwa kazini. Saa nne, mama kalala chali. Saa sita, chali. Saa tisa, chali. Foronya safi, shuka jeupe hadi kidevuni.

Nzi katua kwenye paji la uso. Mkono wake ulio mzima uko ndani ya shuka, labda umebanwa, haukutoka. Nzi akatembea hadi kwenye nyusi. Nikajikuta naipuliza simu. Mtu na akili zangu, naipuliza simu!

Leo sikupata kadi hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia kaka. Nikamkumbusha kwamba daktari alisema mama ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kasema anageuzwa asubuhi. Nikasema asubuhi ni moja. Sauti ikambadilika. Kaniuliza mimi ni nani hata nimhesabie saa, na mara ya mwisho kukanyaga pale ilikuwa lini.

Mwezi wa kumi na mbili. Safari yenyewe saa mbili na nusu kwa basi. Nilikaa kidogo nikaondoka kabla ya mvua.

Nyani haoni kundule. Kaka ananitia kichefuchefu, hilo naliandika bila kuuma maneno. Lakini nimeoga mara mbili leo na kile kinyaa hakijatoka, kwa hiyo si chake peke yake.

Bwana Nukta kapitia kadi zangu. Anataka maana ya kwanza na ya tatu ziunganishwe, kwa sababu huwezi kutunza usichokitazama. Nikamwambia kutazama usichokitunza kunawezekana sana, watu wanafanya kutwa. Kazirudisha kadi mezani kwangu, hakuziunganisha.

Fundi wa choo alikuja. Kakiangalia. Kaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Chali.

Kesho nakwenda. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Niko chumbani kwa mama. Naandika daftari likiwa gotini, kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika bega lake asirudi chali.

Nilifika saa tano. Dada wa kazi kanifungulia, hakunitazama usoni. Harufu ilinipokea ukumbini. Kwenye simu hakuna harufu! Siku tatu nilikuwa naona foronya safi.

Foronya ni safi kweli. Shuka la juu limepigwa pasi. Nikalifunua. La chini limelowa na kukauka na kulowa tena, lina pete za manjano, pete ndani ya pete. Nguo ya ndani ni ya jana. Nilitoka nikatapika kwenye sinki, nikarudi.

Dada wa kazi kaeleza akiwa mlangoni, taratibu. Aliajiriwa kupika na kufua. Kumgeuza mama peke yake hawezi, alishawaambia. Wifi kamwambia ahakikishe upande unaoonekana kwenye kamera uko vizuri. Sikumgombeza. Mimi ndiye mtoto. Yeye tu ndiye aliyewahi kusema kitu.

Akachemsha maji. Mimi nikakaa kitandani nikawa namtazama mama, nalia, sijui pa kuanzia. Mdomo wake umekwenda upande, maneno yanatoka moja moja. Alinisubiri nimalize kulia. Sikumaliza.

"Usiniangalie," kasema. Akapumua. "Nigeuze."

Tukamgeuza, mimi na dada wa kazi. Pale anapolalia, chini ya kiuno, kuna kidonda. Upana wa mdomo wa kikombe, kingo nyeusi, ndani kuna kina. Hakikuanza wiki hii. Kilikuwepo wakati naweka moyo mwekundu.

Nikaanza kumsafisha. Ndipo ukuta ukasema. Sauti ya kaka, kwenye spika ya kamera, toka dukani: "Mfunike! Mfunike mama, wewe! Shangazi na wenzake wote wanaangalia!"

Aliogopa shangazi ataona. Si kidonda. Shangazi.

Nikanyanyua taulo niifunike ile kamera. Lakini mwili ni wa mama, nikamuuliza kwanza. Nifunike?

"Acha," kasema. "Waone."

Nikamsitiri palipobaki, kidonda nikakiacha wazi, nikaendelea. Kwenye kundi la familia, tangu saa sita hakuna aliyepiga makofi. Shangazi peke yake kanipigia. Alikuwa analia, hakumaliza sentensi hata moja.

Dada wa kazi alibaki mpaka saa nane, tukageuza tena, akaenda kwa watoto wake. Muuguzi wa zahanati nimemwita, kasema jioni. Kwangu ni ghorofa ya tatu, hakuna lifti, chumba kimoja na ndoo ya jirani. Nimeshapima kichwani kitanda kitakaa wapi. Mama sijamwambia bado. Kaka pia.

Nimesikia geti. Wamefunga duka mapema.

Wifi kapitiliza jikoni. Kaka kasimama mlangoni, kaziba pua kwa kiganja. Saa kumi imetimia, ni zamu ya kugeuza, na peke yangu siwezi. Nimemwambia: "Kaka, shika huku." Sikusema lingine. Nimemwonyesha mahali pa kushika, kwenye nyonga.

Kiganja bado kiko puani. Mama kafumbua macho, anangoja. Nami nangoja, ndiyo maana naandika.

Kaka yuko pale pale mlangoni. Anatuangalia.