Nilivyokwama Kwenye Mawe ya Ng'ambo

Jumapili, 6 Julai 2025

Salamu kwanza, maana mimi bila salamu mkono haukubali kuandika. Baba Favour hajambo, ila kifua bado. Favour hajambo, anaimba tu ndani ya nyumba kama redio. Mdogo wake Jairo hajambo, yuko shule ya bweni. Mama mkwe wangu hajambo, ameamka anadai samaki. Kuku hawajambo. Mimi ndiyo sijui.

Jumamosi ijayo wazee wa Nkwabi, mchumba wa Favour, wanakuja kutoka Usagara kujitambulisha. Wasukuma! Kwetu Rorya hatujawahi kuozesha kwao. Shemeji Otuoma, kaka wa mume wangu, ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Favour ananiambia mama unakonda, kesho Sabasaba, twende tukatembee kule mawe ya ng'ambo ya ziwa. Njia fupi, eti hata vitoto vinapita. Haya.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi!

Tumeshuka kivuko Kamanga, nani kasimama pale na chupa za maji? Nkwabi! Kainama mpaka chini, "Shikamoo mama." Marahaba nimeitoa puani. Mkwe ambaye hata hajafika nyumbani, natembea naye porini? Nikataka kurudi, kivuko kimeshaondoka. Nikamwambia Favour, mwenzio atangulie mbele kabisa, na asigeuke. Kwetu mkwe hamgusi mama wa mke. Hata kiti nilichokalia hakikalii.

Kijana akatii. Akatangulia.

Njia yenyewe siyo mbaya, niseme ukweli. Msitu una ubaridi, miamba imesimama pande zote kama kuta za kanisa, ukiigusa inakuachia mchanga kwenye nguo. Ila kuna vichochoro katikati ya mawe. Vyembamba! Kile cha mwisho niliingia ubavu ubavu, na mkoba, na vitenge viwili nilivyojifunga. Katikati — basi. Mbele siendi, nyuma sirudi. Favour ananisukuma huku anacheka. Nyuma yake foleni ya vijana wa kwaya fulani.

"Mama, toa pumzi!"

"Mama, punguza ugali!"

Nkwabi katoka upande wa pili, kasimama kanipa mgongo, mikono kaifunga nyuma. Favour anamwambia mshike mama umvute. Anajibu siwezi, huyu ni mkwe wangu. Wale wa kwaya wakaanza kumsonya. Kijana gani huyu, mama anakufa yeye anaangalia miti!

Pumzi ikaniishia. Giza likaja machoni. Nikapiga kelele mwenyewe: "Wewe mtoto, geuka, nishike, nafia humu!"

Akageuka. Kafumba macho — nimemwona, kafumba kabisa — akanishika mikono miwili akavuta. Nikatoka kama kizibo, nikamwangukia kifuani. Kwaya wakapiga makofi na vigelegele.

Nilitamani nirudi humo humo kwenye jiwe.

Jumanne, 8 Julai

Sisemi na Favour. Uji nimempikia, lakini sisemi naye. Kiwiko kimevimba. Baba yake nimemwambia niliteleza.

Alhamisi, 10 Julai

Odeta wa genge la nyanya kanionyesha simu yake. "Mama Favour, huyu si wewe?" Ni mimi! Mmoja wa wale wa kwaya alirekodi. Video fupi, imeandikwa juu "Mkwe na mama mkwe", kijana ananivuta, naanguka kifuani kwake, makofi. Sauti yangu ya kumwita haimo. Kwamba kafumba macho wala haionekani. Odeta anasema mbona mnapendana na mkwe wako. Nikaondoka hata nyanya sikuchukua.

Jioni shemeji Otuoma kapiga. Ameiona, iko kwenye grupu la ukoo. Kafoka: kijana hana adabu, amemkumbatia mama mkwe mbele za watu. Baba Favour kaangalia kiwiko changu, akatoka kwenda kufungia kuku. Afadhali angeniuliza!

Ijumaa, 11 Julai

Otuoma amefika na basi la mchana. Chai hajagusa. Anasema wageni waambiwe wasije, heshima ya nyumba imeisha.

Favour macho mekundu. Ananinong'oneza kwamba Nkwabi kampigia simu, kasema mama asiaibike, waseme ni yeye Nkwabi aliyemshika bila kuitwa. Eti atabeba yeye. Yule niliyemwitikia salamu puani! Nimeumia kuliko kiwiko.

Nikinyamaza, harusi hakuna. Nikisema, Otuoma ataniuliza ulikuwa unatafuta nini porini na mkwe, na kwa nini ulimwita akushike. Na Baba Favour atapata hakika kwamba ile ya kuteleza nilimdanganya. Sijui kwetu jambo kama hili linasafishwa vipi. Nimemtumia meseji dada yangu Agutu, maana yeye ni mkubwa, na Otuoma anamsikiliza:

"Dada shikamoo. Hapa wote hatujambo isipokuwa mimi. Kijana hana kosa, nilimwita mwenyewe. Kuna cha kufanya au nimeshamharibia mwanangu? Jibu upesi."

Hajajibu. Nimejifungia chumbani na Favour. Huko sebuleni nasikia Otuoma anasema mpigie baba wa huyo kijana sasa hivi, kesho asubuhi watakuwa wameshatoka Usagara. Baba Favour anasema ngoja, bila miwani namba sizioni. Ananiita. Mama Favour, miwani yangu iko wapi?

Ninayo mimi, mkononi, nimeificha asipige simu.

Ananiita tena. Favour kasimama mlangoni, ananiangalia. Dada Agutu, jibu basi! Jibu upesi, nitafungua mlango huu nikiwa na neno gani —