Sanamu ya Pacha

Kibera, 5 Februari 2024

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la mbao halikusumbui tena kifuani. Mimi sijambo. Kwa kuwa masikio yako yamekataa simu, nimemkabidhi Muema, mleta magogo wako, barua hii akuletee pamoja na mzigo wake.

Jirani yangu Morenike, Myoruba wa Ibadan anayeuza vitenge karibu nami Soko la Toi, alijaliwa mapacha wa kike, Taiwo na Kehinde. Mwezi uliopita homa ilimchukua Taiwo, akiwa na miaka mitatu. Tangu tumzike, Kehinde hali chakula. Huketi upande mmoja wa kiti, akimwachia mwenziwe upande wa pili.

Morenike anasema kwamba kwao mapacha ni roho moja iliyogawanywa. Mmoja akifa, humvuta aliyebaki, isipokuwa apewe mahali pa kukaa. Hivyo fundi huchonga sanamu ndogo ya kushikika mkononi, yenye umbo la mtu mzima, na mama huiogesha, huivika na kuilisha maharagwe kama anavyomtunza mtoto aliye hai. Hapa Nairobi hana fundi wa kwao. Nilipomwambia kwamba baba yangu ni mchongaji, alinishika mikono yote miwili.

Tafadhali, Baba, tuchongee sanamu ya pacha.

Mwanao,
Ndinda

Kawangware, 21 Februari 2024

Mwanangu Ndinda,

Pokea salamu zangu. Namshukuru Mungu kwa uzima, ingawa goti bado linalalamika.

Umeniweka pagumu, maana mimi ni mzee wa kanisa. Kwa miaka arobaini nimechonga twiga na vifaru, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia kwamba kazi yangu italishwa maharagwe. Mwenye ploti ninapochongea, Bwana Ephantus, alisimama mlangoni akacheka: "Aki Mzee Nzuki, huyu mama ana kifua! Unamuuzia mzungu gani?" Nikamjibu kwamba ni dawa ya mtoto. Akaacha kucheka.

Nilijiuliza kama natenda dhambi. Kisha nikakumbuka yule ng'ombe wa mti niliyekuchongea mama yako alipofariki. Ulilala naye mwaka mzima, wala hakuna mchungaji aliyenikemea. Basi nimechonga. Nimetumia gogo moja la muhugu, nikasugua hadi likang'aa. Muema anazileta.

Baba yako,
Nzuki

Kibera, 26 Februari 2024

Baba mpendwa,

U hali gani? Sisi hatujambo, na neno hilo naliandika kwa woga.

Morenike alifungua kifurushi mbele yangu. Sanamu zilikuwa mbili. Aliketi sakafuni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nani amemwambia baba yako kwamba Kehinde amekufa?"

Kwao, Baba, ya pili huchongwa pale tu pacha wa pili naye anapokufa. Wewe umemwandalia makao mtoto aliye hai. Kwa nini mbili?

Kehinde aliingia tukiwa bado tumeduwaa. Aliokota moja, akaikumbatia, akaiita Taiwo. Siku hiyo alimaliza sahani nzima, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akanyoosha kidole kwa ile nyingine, akasema, "Na huyu ni mimi."

Morenike alimpigia simu babalawo wao, mzee anayewatazamia mambo kwa Ifa, ramli ya kwao. Jibu lake ni hili: ile ya pili isikae nyumba moja na mtoto, irudi kwenye mkono ulioichonga, ipakwe mafuta, ilishwe, na kila siku iambiwe kwamba wakati wake bado. Isitupwe. Isichomwe. Muema amekuletea.

Mwanao,
Ndinda

Kawangware, 6 Machi 2024

Mwanangu,

Natumaini wewe na jirani yako mnaendelea vyema. Tangu barua ile hujaniambia hali ya mtoto.

Kosa lilianzia katika neno moja. Uliandika "sanamu ya pacha". Pacha ni mmoja, na pacha ni wawili. Mimi nilisoma wawili. Tena katika kazi yetu kinyago hakitoki peke yake. Twiga hutoka na mwenziwe, kwa kuwa mteja hununua jozi. Nililipasua gogo katikati bila hata kufikiri.

Sasa naitunza. Kila asubuhi naipaka mafuta, naiwekea maharagwe matatu mdomoni, na kuiambia, "Wakati wako bado." Naona aibu, lakini nalisema, tena kwa sauti. Gogo halikuwa limekauka vizuri. Jana niliona ufa kifuani pake. Usimwambie Morenike.

Jana hiyohiyo Mchungaji Boaz alinikuta katikati ya maneno hayo. Jumapili nitasimama mbele ya washarika nijieleze.

Baba yako,
Nzuki

Kawangware, 10 Machi 2024, saa nane mchana

Mwanangu Ndinda,

Salamu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, na sanamu nimekwenda nayo. Nilianza, "Ndugu zangu, namlinda mtoto wa jirani. Anayeona dhambi hapa, anionyeshe aliyedhulumiwa." Kisha Mzee Mwanzia, niliyeketi naye benchi moja miaka ishirini, akaniuliza swali moja tu: "Nzuki, wewe unaamini kwamba mti huu unamshikilia mtoto?"

Ningejibu ndiyo, nisingekuwa mzee wa kanisa tena. Nikajibu, "Siamini." Akasema, "Basi choma."

Nimeichoma mwenyewe baada ya ibada, nyuma ya jiko la kanisa. Muhugu hunukia ukiungua. Uwanja mzima ulinukia, na watoto wakaja kuuliza kunapikwa nini.

Ulikuwa mti tu, mwanangu. Niandikie leo hii kwamba Kehinde anacheza.

Baba yako,
Nzuki

Kibera, 10 Machi 2024, jioni

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako tangu ile ya tarehe sita.

Homa ilimshika Kehinde Alhamisi. Hospitalini walituambia kwamba atapona, na jana aliomba maharagwe mwenyewe. Leo saa saba mchana ametutoka.

Morenike halii. Ameiketisha sanamu ya Taiwo upande mmoja wa kiti, upande wa pili ameuacha wazi. Amenituma nikuambie kwamba hana kinyongo nawe, na kwamba anakushukuru kwa kuitunza ile ya pili. Wakati wake sasa umefika. Muema atakuja kuichukua kesho asubuhi.

Ifunge kwa kitambaa safi, Baba.

Mwanao,
Ndinda